Shemeji Faraji na Kuta za Msituni

Marehemu mume wangu alikuwa na mdogo wake mmoja, Faraji, aliyelinda msitu wa serikali njia ya Nyamisati kwa miaka kumi na tisa, mpaka mwaka 1994 alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake. Walimwachia koti. Aliendelea kulivaa na kuwakemea wakata boriti, nao, kwa adabu, walimsubiri amalize ndipo wakate.

Ndani ya msitu ule zimo kuta mbili za mawe. Ukoo wetu unajua kuwa ni nyumba ya babu yao akina Faraji, na mimi ndiye niliyeisoma habari hiyo mbele ya watu kwenye hitima ya mume wangu. Kwa hiyo walipofika watu wa mambo ya kale kutoka chuo kikuu, wakiongozwa na Bi Mwanabaraka, wakamwajiri Faraji awaonyeshe njia, nilimwita nikamwambia jina la ukoo limo mikononi mwake.

Kazi aliipenda kupita kiasi. Wiki ya pili alikuwa akinieleza sebuleni kwangu kwamba mraba huzungushiwa uzi, udongo hukwanguliwa kwa mwiko wa mwashi, sentimita kumi kumi, ukachekechwa, na kila kitu huandikiwa kadi inayotaja kilikotoka. Mkewe aliniambia kuku wakiparura uani, Faraji huenda kutazama tabaka za udongo.

Lakini habari za shimoni hazikuwa nzuri. Zilitoka chupa, misumari na vifungo vya shaba. Bi Mwanabaraka akaanza kutamka neno choo. Choo cha bwana misitu wa Kijerumani.

Jumatano jioni Faraji alilitazama sana bakuli langu la kauri lenye maua ya buluu, akasema babu hakosi alikuwa na kama lile. Nikasema huenda. Nikaenda kuswali magharibi. Niliporudi, kabati lilikuwa na nafasi. Sikuuliza.

Kesho yake nilikwenda msituni mwenyewe. Bakuli lilitoka kwenye mraba mpya, karibu na juu kabisa, vibarua wakashangilia. Bi Mwanabaraka alilinusa. Kumbe Faraji, ambaye hawezi kuzika kitu kwa jina la wazee bila kukifukiza, alikuwa amelipitisha kwenye chetezo.

"Kaka Faraji," alisema yule mama, "huyu babu yenu kafukizwa lini?"

"Jana, bibie."

Bi Mwanabaraka hakumfukuza. Alisema tu kwamba kilichotoka shimoni lazima kipate kadi, hata kama ni kosa. Nilimkazia Faraji macho. Yeye akachukua kalamu, akaandika taratibu, kisha akaisoma kwa sauti kama walivyomfundisha.

"Bakuli moja, zima. Lilikotoka: kabati la shemeji yangu Bi Zuena, Kibiti, rafu ya pili, kushoto."

Waliondoka nalo kwenda Dar es Salaam, pamoja na kadi yake. Ripoti ilipotoka, kuta ziliandikwa choo, na jina pekee la ukoo wetu lililomo ni langu.