Wasikuite Mama

Nilitoka Unyasa nikimfuata mume wangu. Alikuwa ameajiriwa kuendesha trekta Nachingwea, walikokuwa wakifyeka pori kupanda karanga. Nyumbani tulikuwa tumezika mtoto wetu wa pekee. Mume wangu akienda kazini nilibaki kambini nikitazama kuta. Siku moja nikasikia kwamba masista wana nyumba ya watoto waliofiwa na mama zao, nikaenda kuomba kusaidia.

"Mshahara hakuna," sista mkuu aliniambia.

"Sikuja kutafuta mshahara."

"Basi kuna jambo moja. Watoto wasikuite mama. Hawa wana kwao."

Nikakubali. Nilifua vitambaa vyao, nikachemsha maziwa ya mbuzi, nikaosha chupa. Kiswahili changu kilikuwa kibovu, na wapishi walinicheka hadi machozi yakawatoka. Watoto hawakunicheka.

Katika hao alikuwamo msichana mmoja, aliyeletwa kutoka Chunyu siku chache baada ya kuzaliwa. Mama yake alifia kwenye uzazi. Bibi yake, mwanamke mrefu mwenye maneno machache, alimweka mikononi mwangu akasema atamfuata akishaweza kula ugali. Mtoto alikuwa mwepesi kama kifaranga. Nilimlea. Alipoanza kusema, neno la kwanza lilikuwa mama, na aliyekuwa akimwita ni mimi. Sista mkuu alikuwa mlangoni. Kesho yake nikahamishiwa kufua tu, nikakatazwa kuingia chumba cha watoto. Nilimsikia akilia ndani nami niko uani, mikono imejaa sabuni.

Bibi yake alikuja kumwona akakuta anaitwa jina asilolijua. Walikuwa wamembatiza.

"Sisi ni Waislamu," alisema. "Mbona hamkutuuliza?"

"Alikuwa anakufa," sista akajibu.

 Bibi alimfunga mtoto mgongoni kwa kaniki akatoka. Niliwakimbilia hadi barabarani na chupa mkononi.

"Bibi, bado mdogo. Ugali bado haumkai tumboni."

"Wema wako nimeuona, mwanangu. Lakini pale mtoto wangu wamemvua jina. Kesho watamvua nini?"

Chupa aliipokea. Mtoto alininyooshea mikono mpaka walipopinda kona.

Mwaka ule mvua ilikuwa haba, na Chunyu watu wakala mizizi. Bibi akarudi na mtoto. Tumbo lilikuwa limemvimba, nywele zimekuwa nyekundu, miguu imebaki ngozi. Sista mkuu akasema utaratibu ni utaratibu: mtoto aliyetolewa hapokelewi tena, la sivyo kila mtu atatoa na kurudisha. Bibi akaketi chini, nje ya lango.

Nikawachukua wote wawili nikaenda nao kambini. Chumba chetu kilikuwa kimoja. Mnyapara akaja juu, akasema nyumba zile ni za wafanyakazi, si za kila mpita njia. Mume wangu, mtu ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, akasimama mlangoni.

"Huyu ni mama mkwe wangu," alisema.

"Mama mkwe wako yuko Unyasa!"

"Leo yuko hapa."

Nilimpikia mtoto uji wa karanga zilizotwangwa, kijiko kwa kijiko. Siku za kwanza alitapika. Baadaye akaanza kukishika kijiko mwenyewe. Nikaendelea pia kwenda kufua kwa masista, maana watoto wengine walikuwa hawajanikosea kitu.

Alipokwisha kunenepa, wakaja wageni kutoka Ulaya, watu waliokuwa wakiichangia nyumba ile. Sista mkuu akatuma mtu tumlete. Nilidhani ametubu. Wakamvika gauni jeupe, wakamweka mapajani mwa mgeni mmoja mwanamke, na sista akaeleza jinsi nyumba ilivyomwokoa. Mpiga picha akanipungia mkono.

"Wewe, sogea kando. Utaonekana."

Nikasogea. Bibi aliyaona yote kutoka kwenye ukingo wa uwanja. Walipomaliza, alimvua mtoto gauni lile, akalikunja, akaliacha juu ya kiti, akarudi naye Chunyu.

Miaka ikapita, shamba la karanga likashindwa na trekta zikaegeshwa. Tukaambiwa turudi kwetu. Kabla ya safari nilienda Chunyu kuaga. Msichana alikuwa amekua, ana miguu mirefu kama ya bibi yake. Aliniletea maji ya kunywa, akapiga magoti, akasema, "Karibu, mgeni."

"Huyu ndiye aliyekulea," bibi akamwambia.

Aliniangalia kwa adabu, akasubiri kikombe, kisha akakimbilia wenzake waliokuwa wakimwita kwa Kimwera.

Bibi alinisindikiza mpaka njia kuu. Alitaka kusema kitu, nikamzuia. Nilijua atanishukuru, na sikuwa na mahali pa kuiweka shukrani ile.