Mama Selestina Alivyolowa Mlangoni

Wenceslaus alizaliwa Mamboya, akakulia jikoni kwa mama yake, lakini tangu afungue tuisheni ya Kiingereza sebuleni kwake Magomeni, pale Kilosa, hata chafya alipiga ya Kizungu. Watoto walimwita Ticha. Jina la baba yake alilifyeka likabaki herufi moja na nukta.

Jumamosi moja ya masika alikuwa akifundisha neno la kulowa.

"Drenched," alisema, akilizungusha mdomoni kama pipi. "Siyo wet tu. Wet ni mkono uliotoka kunawa. Drenched ni chapachapa, kuanzia nywele mpaka soksi! Mvua inaweza, jasho linaweza, hata mtu akijimwagia manukato. Goodluck, tunga sentensi."

Goodluck hajafungua kinywa, mlango ukasukumwa. Mama Selestina, mama yake mzazi, alisimama kizingitini, gauni limemganda, maji yanamchuruzika viwikoni. Ukuta wa nyumba yake ulikuwa umeangushwa na mvua. Alikuja kumwomba mwanawe pa kulala mpaka masika yaishe.

Kwao Mamboya, mtu aliyelowa haulizwi habari. Huvutwa kwanza jikoni motoni, akavishwa kanga kavu, akapewa kitu cha moto. Shida yake husikilizwa baadaye. Hata mgomvi wako ulimtendea hivyo. Siku hizi watu wana sofa, na sofa ndiyo huonewa huruma.

"Shikamoo bibi!" watoto walisimama.

"Marahaba, wajukuu."

Wenceslaus hakuamkia. Alinyoosha rula. "Mama, usisogee! Hapohapo. Mnaona? She is drenched. Semeni wote."

Wakasema.

"Baba, ukuta umeanguka, sina pa..."

"Dakika moja, mama. Sasa wakati uliopita. She was drenched."

Wakaitikia kwa sauti moja. Mama Selestina, meno yakigongana, akageuka akatoka.

Jirani, Yusrah muuza vitumbua, alimwona akipita na mvua. Hakuuliza kitu. Alimshika mkono, akamwingiza jikoni.

Kipindi kilipokwisha, mwalimu alimfuata. Alimkuta ndani ya kanga ya Yusrah, anakunywa uji.

"Mama, nilikuwa kazini. Twende nyumbani."

"Nyumbani kwa nani, Ticha?"

Yusrah, aliyekwisha kusimuliwa, akaangua kicheko. "Mwache bibi anywe uji. Kama unamtaka awe mfano wa somo, subiri alowe tena."

Masika yote Mama Selestina alilala kwa Yusrah. Wenceslaus alimpelekea mkate kila Jumapili, naye akaupokea kwa mikono miwili, akishukuru sana, kama anavyoshukuriwa mtu baki.