Feni Iliyosoma Sifuri

Nilikuwa nikitunza kompyuta ya kumbukumbu za wagonjwa kwenye zahanati moja mjini Bariadi. Ilitumia mfumo wa Linux. Asubuhi moja niliandika amri ya kusoma vihisi vya joto, umeme na feni, na vipimo vya ubao mkuu vikajipanga kwenye kioo. Prosesa ilikuwa na joto la nyuzi hamsini, na volti zote zilikuwa sawa. Mstari mmoja tu ulionyesha nyuzi mia moja ishirini na saba.

"Mbona inaungua?" akauliza muuguzi aliyesimama nyuma yangu.

"Hicho kihisi hakijaunganishwa na kitu," nikamjibu. "Ingekuwa kweli, mashine ingeshazimika."

"Na hii feni inayosoma sifuri?"

"Hiyo nayo ni hivyo hivyo."

Sikuinama hata kusikiliza. Feni inayopoza diski ilikuwa imesimama kweli, imezibwa na vumbi la pamba. Siku ya nne diski ikafa kwa joto, na majibu ya vipimo vya wagonjwa ya wiki nzima, ambayo hayakuwa yamenakiliwa kwingine, yakapotea.

Mama mmoja alikuwa ametoka Mwanhuzi na mwanawe kufuata majibu ya damu ya mtoto huyo. Muuguzi alitaka kumwambia kwamba mtandao unasumbua. Nikaomba niende mwenyewe.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma. "Majibu ya mtoto yamepotea. Niliona dalili mapema, nikaipuuza."

Akamkunjia mtoto mkono wa shati.

"Basi mtoeni damu tena," akasema. "Ila wewe ndiye utakayemshika."

Nilimshika. Mtoto alilia huku ameuma kola yangu, na sikuthubutu kumwambia anyamaze.