Siku Lami Yangu Ilipomshika Mama Mkwe

Aibu niliyoipata siku ile mbele ya askofu na nusu ya Bariadi nimekaa nayo kimya miaka mingi, na hata mke wangu akianza kuisimulia kwa wageni mimi nilikuwa najifanya nina kazi nje, naenda kusimama nyuma ya choo mpaka vicheko viishe. Sasa nimezeeka, meno yamepungua, na naona bora niwaambie mwenyewe kabla hamjaipata kwa watu wenye kuongeza chumvi, ingawa kusema kweli hii haihitaji chumvi.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mambo yamefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, pamba inanunuliwa na yeyote mwenye mizani na lori, na sisi wa serikalini tunapunguzwa kazini kwa mafungu. (Mkoa wa Simiyu ulikuwa bado haujazaliwa, tulikuwa tunahesabiwa Shinyanga.) Mimi nilikuwa nimefanya kazi za barabara miaka kumi na moja, na kazi yangu ilikuwa kuchemsha lami kwenye mapipa na kuimwaga, basi, hakuna kingine. Waliponipunguza nikarudi nyumbani na buti, koti la mvua, na ujuzi ambao hakuna aliyeuhitaji, maana mji wetu wakati ule ulikuwa vumbi kiangazi na tope masika, lami tulikuwa tunasimuliwa na waliotoka Mwanza.

Lakini enzi hizo kila mtu alikuwa mkurugenzi wa kitu fulani. Mwenye mashine moja ya kusaga, mkurugenzi. Mwenye kibanda cha soda tatu, mkurugenzi. Nami nikachongesha muhuri, nikaanza kusema "sisi mainjinia" halafu nanyamaza, wanaonisikiliza wanamalizia wenyewe. Waliomalizia vizuri kuliko wote ni wakwe zangu kule Mwamanyili, ambao walitangaza kijiji kizima kwamba Minza wao ameolewa na injinia, na mimi nikaona si adabu kuwasahihisha wakubwa.

Sasa kabla sijaendelea, kwa wale ambao si Wasukuma, niwaambie habari ya mama mkwe. Kwetu, hasa kwa watu wa umri wangu, mama mkwe humkaribii. Unamsalimia kwa mbali umeinama, humpi mkono, huli naye, ukimwona njiani unapisha majanini mpaka apite. Mimi mama yake Minza nilikuwa namfahamu zaidi kwa sauti kuliko kwa sura. Na jina lake silitaji hata leo.

Basi. Kanisa letu lilikuwa limejengwa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule ambao mvua ikinyesha unashika kiatu, na kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Padri alikuwa amechoka. Alisema watu wanaingia misani na nusu ya shamba kwenye viatu. Muumini mmoja mwenye malori akajitolea mapipa manne ya lami yaliyobaki kwenye kazi fulani, na padri akaniita, akaniambia askofu anakuja kwenye sherehe ya parokia baada ya mwezi mmoja na nusu, je, naweza kutengeneza njia ya miguu ya lami kutoka barabarani mpaka mlango wa kanisa, njia ya kudumu, isiyo ya kuosha uso.

Nikamwambia, "Padri, hiyo kwa injinia ni kazi ya kuamkia."

Na nataka niseme wazi, kazi ile niliifanya vizuri. Nilikuwa na Mzee Ngolo, tuliyepunguzwa naye siku moja, mtu wa maneno machache aliyeshindilia barabara tangu mimi sijaota ndevu. Tulichimba udongo mweusi wote tukautupa, maana lami juu ya udongo wa mbuga ni kujenga juu ya mgongo wa punda, siku moja utatikisika. Tukajaza moramu, ule udongo mgumu wenye changarawe, kwa matabaka, kila tabaka tunamwagia maji na kulishindilia kwa pipa lililojaa zege, linavutwa na ng'ombe wawili wa kulimia (mmoja mvivu, alikuwa anasimama kila tukifika kivulini). Tukainua katikati kidogo ili maji yateremke pembeni, tukapanga mawe kingoni. Watu wakawa wanakuja jioni kuangalia tu. Halafu tukachemsha lami, tukamwaga, na juu yake kokoto ndogo, tukashindilia. Hatua mia na themanini, nilizihesabu mwenyewe.

Tatizo langu lilianza kwenye hatua ishirini za mwisho, pale mbele ya mlango.

Mnajua njia ikishamwagiwa kokoto inakuwa ya kijivu, rangi ya vumbi, wala hujui kuna lami chini. Na watu walikuwa wanapita wakiniuliza, "Sasa lami iko wapi?" Kisha nikapata habari kuwa wakwe zangu wanakuja kwenye sherehe, mama mkwe akiwa na akinamama wa kwaya ya Mwamanyili. Nikawaza, huyu mama ametembea anajisifu kwa ajili ya mkwe wake injinia, aje aone kokoto za kijivu kama uwanja wa shule? Nikaamua zile hatua ishirini zibaki nyeusi. Zing'ae. Uamuzi mdogo tu, ndugu zangu, mdogo kabisa.

Mzee Ngolo alikuwa ameshajaza toroli kokoto. Nikamwambia rudisha. Akaniangalia.

"Lami bila kokoto ni ulimbo," akasema.

"Mzee wangu, itakauka."

"Ulimbo nao unakauka. Ukishakamata ndege."

Nikamwambia mimi ndiye niliyepewa kazi. Akashusha toroli, akaenda kunywa uji.

Siku ya sherehe niliamka mapema nikaibonyeza lami kwa kidole gumba. Ngumu. Nikasema moyoni, Ngolo kazeeka. Nikavaa koti la suti la mtumba na buti zangu nilizozipaka rangi, nikasimama karibu na mlango mahali ambapo askofu angeniona bila kunitafuta. Misa ilikuwa ianze saa nne, kukiwa bado na ubaridi wa asubuhi, na ingekuwa hivyo leo mngekuwa mnanisikiliza kama mtu wa maana. Lakini gari la askofu lilipata pancha mara mbili, akafika saa saba kasoro, na jua la Agosti mnalijua. Nikaangalia zile hatua ishirini. Zilikuwa zinang'aa kuliko asubuhi. Mimi nikafurahi.

Maandamano yakaanza. Mbele katekista amebeba msalaba, nyuma yake kwaya ya Mwamanyili wanacheza polepole, mguu mbele, mguu nyuma, kisha wazee, padri, na askofu mwisho. Kwenye kokoto wakatembea kama kwenye zulia, nikasikia mtu anasema, "Kweli huyu amesoma." Halafu katekista akaingia kwenye nyeusi. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya nne mguu ukatoka lakini kiatu kikabaki. Yule baba alikuwa na heshima ya ajabu, hakuangalia chini, hakugeuka, akaenda na soksi. Baada ya hatua mbili nyingine soksi nayo ikabaki.

Kwaya wao hawakuwa na bahati hiyo, maana kucheza polepole kwenye lami laini ni kujipanda mwenyewe kama mche. Akinamama kama thelathini wakaingia wakiimba, na wimbo ukaanza kupungua sauti moja moja, kila aliyenasa ananyamaza kuangalia miguu yake, mpaka ikabaki sauti ya tatu peke yake inaimba "aleluya" kwa wasiwasi. Walio nyuma hawajui kuna nini mbele, wanasukuma. Na katikati kabisa, na jogoo wa sadaka kwapani, amesimama kama mlingoti, mama mkwe.

Hapo ningekuwa na akili ningekimbilia kwetu. Badala yake nikakumbuka kwamba mafuta ya taa yanalainisha lami, kwa hiyo yatafungua viatu. Nikakimbilia stoo nikaleta dumu, nikaanza kumwaga kwenye miguu ya watu. Na kweli yanalainisha. Yalilainisha yote. Ile lami ikawa uji, waliokuwa wamenasa soli wakazama mpaka kwenye vidole, na harufu ikapanda mpaka kwa askofu, aliyekuwa amesimama kwenye kokoto anauliza kwa upole kama hiyo ni desturi ya huku. Nikamwona Mzee Ngolo anakaa kwenye jiwe la kingoni, anavua kofia, anajifunika nayo uso.

Ng'ambo ya uzio kulikuwa na ghala la mnunuzi wa pamba, na karani wake alikuwa mmoja wa walionasa. Akapiga kelele, "Leteni fifi." (Fifi ni pamba ya daraja la chini, chafu, haina bei.) Vijana wa kwenye mizani wakaruka uzio na magunia wakaimwaga kama wanavyopanda mtama. Ikasaidia kidogo, watu wakaanza kujinasua, lakini sasa kila anayetoka anatoka na miguu ya pamba mpaka chini ya magoti, manyoya meupe kama jogoo wa kizungu, na wengine wakaanza kucheka, na aliye kwenye lami akicheka anayumba, na aliyeyumba anamshika mwenzake.

Mama mkwe hakucheka. Alivuta mguu wa kulia, ukatoka, akaukanyagia pamba yenye mafuta ya taa, ukateleza, akakaa chini. Pu. Kitenge kipya cha kwaya, juu ya lami yangu. Jogoo hakumwachia.

Akinamama wote wa karibu walikuwa wamenasa. Baba mkwe alikuwa nyuma kule na wazee. Mtu pekee aliyesimama pembeni mikono mitupu nilikuwa mimi, na nikawa nimeinamisha macho kama adabu inavyotaka, nikijaribu kumwokoa bila kumwangalia. Padri akasema kwa sauti ya mtu aliyefika mwisho, "Injinia, msaidie mama yako."

Sikusogea. Kila Msukuma pale alijua ninachoombwa. Ndipo nikaisikia ile sauti ninayoifahamu, ya chini, kwa Kisukuma:

"Unangoja nini, mwanangu? Nikauke?"

Nikaingia. Nikamshika mama mkwe mkono, kisha nikamshika kiwiko, kisha, Mungu anisamehe, nikamkumbatia kiunoni nikavuta. Yeye akatoka kidogo, mimi nikazama. Buti zangu zilikuwa zimekamatwa zote mbili. Nikaangukia magoti, naye akarudi chini, tukakaa tunaangaliana, mara ya kwanza katika miaka tisa ya ndoa, jogoo katikati yetu. Nikaona kumbe Minza macho yake kayatoa kwa mama yake. Kwa kuchanganyikiwa nikamsalimia, "Mhola, mayu?"

"Mhola duhu," akajibu. Salama tu.

Aliyetuokoa ni Mzee Ngolo. Alisimama, akaingia kanisani na wanaume wanne, wakatoa mabenchi na kuyalaza juu ya lami kama daraja, na juu ya mabenchi hayo tukatolewa sote, kisha akavuka padri, kisha askofu ameshika kanzu kama mwanamke anayevuka mto. Kwenye mahubiri askofu alisema ametembelea parokia nyingi ambako waumini wakishafika wanatafuta namna ya kutoka mapema, lakini ya kwetu ndiyo ya kwanza kuona imejipanga mtu asitoke. Kanisa lilicheka mpaka yeye mwenyewe akavua miwani. Mimi nilikuwa nje, nasugua watu miguu kwa samli, maana inatoa lami mwilini bila kuchubua ngozi, na familia zilitoa samli zao kwa kunung'unika.

Jioni baba mkwe aliniita. Akaniuliza taratibu, "Hivi injinia husoma miaka mingapi?"

Nikaona sina cha kuficha tena. Nikamwambia, "Baba, mimi si injinia. Mimi ni mchemsha lami."

Kutoka nyuma ya ukuta wa jiko nikasikia mama mkwe anasema, "Mimi nilijua siku nyingi. Injinia gani ananuka moshi sikukuu zote?" Halafu akaongeza kuwa mchemsha lami naye ni mkwe, ila mbuzi wa kusafisha kule kushikana lazima aje. Nikampeleka, beberu mzuri, na nilipishana na mama mkwe majanini kama kawaida, isipokuwa safari hiyo nilimsikia anacheka hadi alipopotea.

Kesho yake tulikwangua zile hatua ishirini, tukamwaga upya, tukatia kokoto, Mzee Ngolo akishika toroli na mimi nikivuta ng'ombe, na sikusema neno mpaka jioni. Mvua za mwaka ule zilikuja kubwa, uwanja wote ukawa tope, njia ikabaki kavu katikati kama mgongo wa mamba, na imebaki hivyo miaka mingi, hatua zote mia na themanini za kijivu.

Nilitengeneza njia nyingine baadaye, za zahanati, za shule, moja mpaka Mwandoya. Muhuri niliutupa. Na niliweka nadhiri ambayo sijaivunja: njia ikikamilika, kabla mtu yeyote hajaikanyaga, nasubiri saa saba mchana jua liwe kali kabisa, navua viatu, naitembea yote peke yangu peku, polepole, na nikifika mwisho nasimama kwanza. Wanaoniona hudhani nasali. Nakubali wadhani hivyo.