Punje za Bluu kwenye Sufuria ya Bi Mdogo

Wanawake tisa tulikuwa tunakaa kwenye mikeka mbele ya mashine ya mpunga pale Kilosa, tunachambua mchele wa watu. Mawe huku, chenga huku, punje nyeusi huku. Majina yao yote ninayo, na ya mama zao, na ninamjua aliyekuwa anakuja kwa baiskeli kutoka Kimamba, na aliyekuwa anaficha mchele kwenye pindo la kanga. Sitayaandika. Wengine wameshakufa, wengine wana wajukuu waliosoma, na mimi niliishia darasa la nne.

Siku tajiri alipoleta mashine ya kuchambulia, alituita tuione ikifanya kazi. Mchele unashuka, mashine inaiona punje mbovu na kuipuliza pembeni kwa upepo, puu, haraka kuliko kupepesa jicho.

"Hii ina macho kuliko nyinyi," akasema. "Na haiendi msibani."

Saba wakakunja mikeka yao siku hiyohiyo. Tukabaki wawili, mimi na bi mdogo wangu, kwa kuwa marehemu mume wetu alimlindia tajiri ghala lake miaka mingi. Lakini tajiri hakuficha. Alisema, "Masika ikiisha nabaki na mmoja. Atakayeniharibia ndiye atakayetangulia nyumbani."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kutunza upepo. Usicheke. Upepo wa mashine ile unatoka kwenye kompresa, na upepo wa kwetu una maji, masika ndiyo usiseme. Maji yakikutana na vumbi la pumba yanakuwa uji, uji unaziba vitundu, na mashine inaanza kupitisha mawe. Kwa hiyo kila asubuhi unafungua koki chini ya tangi, linatema maji. Halafu kuna mtungi wa kukaushia, mrefu kama mtoto aliyeanza kutembea, una kioo tumboni, na ndani umejaa punje ngumu za rangi ya bluu. Zile punje ndizo zinazokunywa maji yaliyobaki. Zikishiba zinageuka pinki. Hapo unazitoa, unazikaanga bila mafuta kwa moto mdogo mpaka bluu irudi, unazirudisha. Tajiri hakutaka kununua chombo cha kukaangia. Bi mdogo akaleta sufuria yake kubwa, ile aliyokuja nayo alipoolewa. Fundi wa kompresa akamwambia asiipikie chakula tena, akaitikia tu.

Sasa niseme jambo ambalo tajiri hakulijua. Macho yangu yana ukungu. Bluu na pinki mle ndani ya kibanda cha kompresa naziona zote kama majivu, hata nikizitoa juani. Bi mdogo alilijua hilo tangu wiki ya kwanza, na hakumwambia mtu. Alikuwa anapita karibu yangu na ufagio, anasema chinichini, "Bi mkubwa, zimebadilika," na mimi nainuka kama niliyeona mwenyewe.

Ungedhani nilimpenda kwa hilo. Nilimchukia zaidi. Aliletwa kwangu nikiwa na watoto watano na mimba ya sita, akiwa na shingo ndefu na meno yake yote, na miaka yote ile sikuwahi kupata kosa lake. Aliniamkia kila asubuhi. Alinitengea nyama ya shingo. Mtu wa namna hiyo unamfanya nini?

Fundi wa kompresa alikuwa anatoka Mikumi, kule anakotengeneza mashine za kujazia upepo matairi ya malori. Alikuja siku moja bi mdogo ameenda kuzika Kimamba. Akanionyesha jinsi ya kumwaga punje bila kuzimwaga chini, kisha akasema, "Bibi, kitu kimoja usisahau. Maji yasizifikie, hata tone. Zikimwagiwa maji zinapasuka zote. Mwambie na mwenzako."

"Nitamwambia," nikasema.

Bi mdogo alirudi na udongo wa makaburini kwenye miguu, akaniuliza fundi amesema nini. Nikamwambia amesema tufungue koki mapema zaidi.

Masika ikaingia. Kila kitu kikawa kibichi, chumvi, kuni, godoro. Punje zikawa zinashiba kila baada ya siku chache, na vumbi la pumba likazigandia. Asubuhi moja bi mdogo amezitoa zote kwenye ungo, anazigeuza na uso umemkunjamana. Huyu ni mwanamke ambaye mchele wake mwenyewe anauosha maji saba.

"Bi mkubwa, hizi zimechafuka. Nikizikaanga hivi uchafu si utaungua humohumo? Nionavyo nizioshe kwanza, nizianike zichuje maji, ndiyo nizikaange."

Niliweza kusema. Mdomo wangu ulikuwa mtupu, sikuwa natafuna kitu.

"Wewe ndiye unayejua usafi," nikamwambia. "Osha."

Akamimina maji. Punje zikaanza kulia kama chumvi iliyotupwa motoni, ta, ta, ta, na zinapasuka vipande huku anazitazama. Akatia mkono kuziokoa, akautoa haraka. "Maji yanachemka," akasema, "na moto haupo." Akanigeukia. Mimi nilikuwa nafagia.

Tajiri alipokuja hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alitandika mkeka mlangoni, pale wateja wanapopita na magunia, akamkalisha bi mdogo na ule ungo.

"Chambua," akamwambia. "Nzima huku, zilizopasuka huku. Si ndiyo kazi mliyoililia siku mashine ilipokuja?"

Akachambua tangu asubuhi mpaka alasiri. Nzima hazikujaa kiganja. Vibarua wa magunia wakipita wanamrukia miguu.

"Mama, huo ni wali wa wapi?"

"Wali wa majini huo. Unaliwa na samaki."

Mfugaji mmoja wa Msowero, mtu wa kanda ya ziwa aliyeleta mpunga wake kukoboa, akachutama akaokota punje akaitia mdomoni. Ikamng'ang'ania ulimi, akaitema kwa shida. Vibarua wakacheka mpaka mmoja akaangusha gunia. Bi mdogo hakuinua kichwa. Mimi nilicheka. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Alasiri tajiri akaniita mbele yake. "Fundi anasema kwenye simu alishaelekeza. Wewe hukumwambia mwenzako?"

"Nilimwambia."

Akamgeukia bi mdogo. "Alikwambia?"

Yule mwanamke akanitazama. Akapangusa mikono yake kwenye kanga.

"Bi mkubwa akisema aliniambia," akajibu, "basi aliniambia."

Akaondoka na ungo wake. Sufuria tajiri alisema ibaki.

Kesho yake nilitumwa Mikumi kufuata punje mpya, mashine ilikuwa imesimama. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimepakata ndoo yenye mfuniko uliofungwa kwa karatasi ya gundi. Fundi aliponikabidhi alikuwa na grisi mpaka viwikoni, na wenzake wako pale wanasikia.

"Nilikwambia wewe, bibi," akasema. "Peke yako nilikwambia."

"Uzee," nikasema.

"Uzee," akaitikia, na akarudi chini ya lori lake.

Basi kazi ikawa yangu. Na wiki haijaisha nikajua nimefanya nini, kwa sababu nilisimama mbele ya kile kioo na sioni kitu. Majivu. Kumuuliza kibarua ni kumwambia tajiri. Kukisia siwezi, nikikosea mawe yanapita na mimi nafuata. Kulikuwa na macho mamoja tu Kilosa nzima yaliyojua siri yangu.

Kwa hiyo kila adhuhuri nachota punje chache, natia kwenye kikopo cha dawa chenye kifuniko kinachobana, zisinywe maji ya njiani. Navuka reli mpaka nyumbani. Bi mdogo yuko kibarazani anamenya maharage.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba. Rangi gani hii?"

Hakipokei kikopo haraka. Anamaliza kwanza maganda aliyoshika. Ananiacha nimesimama juani, halafu anainua kikopo, anakitazama, ananirudishia.

"Pinki."

Narudi, nawasha mkaa, nakaanga. Moshi wake unakwaruza koo. Siku ya pili, pinki. Ya tatu, pinki. Masika imeisha, jua linapasua ardhi, nguo zinakauka kabla hujazikamua, na bado pinki.

Juzi fundi akaja. Akafungua mtungi, akamwaga punje kwenye kiganja, akazisugua zikatoka unga.

"Bibi, mbona unaziunguza? Hizi zilikuwa nzima, hazikuhitaji moto. Unazikaanga kila siku? Ukiendelea hivi hazifiki mwezi, na tajiri ameshasema hanunui nyingine mwaka huu."

Adhuhuri nikavuka reli na kikopo changu.

"Fundi anasema zilikuwa bluu," nikamwambia bi mdogo.

"Fundi ana macho yake." Alikuwa anapepeta maharage, hakusimamisha ungo. "Mimi nakuambia ninachokiona. Kama huniamini, kamwambie tajiri akutafutie mwingine wa kukutazamia."

Kuku anadonoa miguuni kwangu.

"Haya. Ya leo je?"

Akaweka ungo chini. Akakichukua kikopo, akakishika juu kwenye mwanga, akakigeuza huku na huku taratibu kama anayemtazama mtoto mchanga amefanana na nani.

"Pinki, bi mkubwa," akasema. "Pinki kabisa."

Nikarudi mashineni, nikateleka sufuria yake.