Siku Mkufunzi Alipokuja Kumpima

Nikisikia mtu anasema walimu wa siku hizi hawafundishwi maadili chuoni, huwa nacheka, na si kicheko kizuri. Wanafundishwa. Yule binti niliyekaa naye kwangu Bukima aliyajua yote kwa moyo. Akisonga ugali wa muhogo alikuwa akinitajia wajibu wa mwalimu, kwanza kwa mtoto, halafu kwa jamii, halafu kwa kazi yake, akiendelea mpaka kwa taifa, na mwiko haujamponyoka. Mimi niliyetoka chuo zamani nilikuwa nimeshasahau nusu. Nilimwonea fahari kana kwamba nimemzaa mimi.

Alikuwa mwanachuo wa ualimu, mtoto wa Makoko, mjini Musoma, aliyeletwa shuleni kwetu kwa mazoezi ya kufundisha, fildi kama wanavyoiita wenyewe. Mkuu wa shule alimweka darasa la pili, darasa langu, akanipa mimi kazi ya kumlea. Chumba cha kupanga hakikupatikana, nikasema kwangu kuna kitanda. Nimezaliwa Butiama kwenye boma la ng'ombe, na kwetu mgeni hapelekwi kulala kwa jirani wakati wewe una pa kumlaza. Akaniita mama, nami nikamwita mwanangu, ila shuleni tuliitana mwalimu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilimpa ndoo. Tulikwenda ziwani, akarudi amelowa mpaka kiunoni na maji yamebaki nusu. Nilimtania kwa hilo muda mrefu, na mwenyewe alicheka.

Darasani kwangu kulikuwa na msichana aliyetoka Mugeta, upande wa Bunda, akaletwa kuishi na bibi yake. Alikuwa amezoea lugha ya nyumbani tu, Kiswahili alikutana nacho shuleni. Alikuwa mkubwa kuliko wenzake wote, na hakusema. Ukimuuliza swali alitazama dawati mpaka ukachoka wewe. Tangu mwanzo wa mwaka nilikuwa nakaa naye baada ya vipindi, silabi kwa silabi. Binti alipokuja aliipokea kazi hiyo kwa mikono miwili. Hilo lazima niliseme, haki ya mtu ni haki yake. Alimkalisha karibu yake, akamwandikia maneno ya vitu anavyovijua, ndama, kibuyu, maziwa, na siku moja yule mtoto akasoma mstari mzima. Sauti ilikuwa ya mbu, lakini alisoma. Binti akamshika mashavu.

"Mkufunzi wangu akija kunipima," akamwambia, "wewe ndiye utakayesoma mbele yake."

Kuanzia hapo mtoto alimfuata kila aendako. Alimbebea chaki, alimfutia ubao bila kuambiwa. Bibi yake alinikuta sokoni akaniambia mjukuu wake sasa anasoma hata maandishi ya kwenye mfuko wa sabuni, tena anawasomea mbuzi kama hakuna mtu wa kumsikiliza. Tulicheka pale kwenye mafungu ya dagaa. Nilirudi nyumbani nikampelekea binti salamu hizo, na akafurahi kweli. Ndiyo maana mpaka leo sielewi.

Mkufunzi alikuja na pikipiki Ijumaa asubuhi, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Ndiye aliyewafundisha maadili chuoni, binti alimsifia sana. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya darasa, kusikiliza kipindi kizima na kutoa alama, na alama hizo ndizo zingeamua kama binti atakuwa mwalimu au atarudia. Mimi nilimnyooshea kola kabla hatujatoka nyumbani, nikamwombea. Kisha mkuu wa shule akaniambia nikashike darasa la tano, mwalimu wake ameuguliwa.

Kutoka dirisha la darasa la tano unaliona shamba la muhogo la shule. Nilikuwa sijamaliza hata kuandika kichwa cha somo nilipoona watoto wanapalilia. Wakati wa vipindi? Nikatazama vizuri. Walikuwa wa kwangu. Mtoto wa Mugeta alikuwa mbele yao, sare imefuliwa, imepigwa pasi, nywele zimenyolewa upya, ameshika jembe.

Nikatoka. Nilidhani wamefanya kosa, wanaadhibiwa. Nilipomuuliza, alinyooka akanijibu kwa sauti yake ileile ndogo kwamba mwalimu amemweka monita wa wenzake. Wakimaliza palizi atawaita waingie wakasome kwa mgeni. Akaniuliza kama mgeni ameshafika.

Niliwatazama mmoja mmoja. Wote walikuwa wale wasiojua kusoma, au wanaosoma kwa kubabaika. Hakukosekana hata mmoja. Ndipo nilipoelewa kwamba wamefichwa mgeni asiwaone. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee wamesema, lakini huyu wangu alikuwa amelala kitandani kwangu na kula chunguni kwangu, na niliyemwamini kuliko walimu wote wa shule ile alikuwa yeye.

Nikawaambia waweke majembe chini wanifuate.

Kipindi kilikuwa bado kinaendelea. Waliobaki darasani walikuwa wanajibu kwa pamoja, mikono juu, maswali ambayo nilikuja kujua baadaye walikuwa wamekaririshwa wiki nzima. Niliposimama mlangoni na kundi langu lenye udongo miguuni, mkufunzi aliinua kichwa, akamuuliza binti hawa ni akina nani.

Binti alinitazama mimi. Akawatazama watoto. Kisha akamgeukia mkufunzi.

"Hawa si wa darasa langu, mkufunzi. Ni wa darasa la kwanza, walikuwa wanasaidia shambani."

Alisema hivyo mtoto akiwa amesimama hatua chache mbele yake. Mkufunzi akanitazama mimi, mwenye darasa, akisubiri nithibitishe. Nilishafungua mdomo. Kabla sijatoa neno, mtoto wa Mugeta alipita mbele yangu, akaweka mikono nyuma kama tunavyowafundisha, akasema kwa sauti iliyofika mpaka ukuta wa nyuma, Kiswahili kimenyooka:

"Ndiyo, mwalimu. Sisi tuko darasa la kwanza."

Kisha akamtazama binti aone kama amefanya vizuri. Binti akatikisa kichwa kumkubalia. Mkufunzi akatabasamu, akasema huyu mtoto anajieleza vizuri.

Nilifunga mdomo. Kumwumbua binti ningeweza, tena kwa raha. Lakini kumwambia mgeni kwamba mtoto huyu anasema uongo, siku ya kwanza kupaza sauti mbele za watu, hilo lilinishinda. Nilimsubiri mkufunzi kwenye pikipiki yake nikamweleza yote. Alinisikiliza akivaa kofia ngumu. Akasema atazungumza naye. Akasema pia kwamba kipindi kwa kweli kilikuwa kizuri, na kwamba tusiharibu maisha ya binti wa watu kwa jambo dogo. Mwalimu wa maadili huyo.

Nyumbani binti alilia. Hakuomba msamaha, alijieleza.

"Mama, mkuu ndiye aliniambia. Alisema hata nyie, wakaguzi wakija, mnawatoaga wasiojua kusoma."

Nilimwambia mimi sijawahi kumtoa mtoto. Nikaona haniamini. Hilo liliniuma zaidi ya yale ya asubuhi. Jumamosi alifunga mizigo akarudi Makoko. Nilikuwa nimemwanikia dagaa wa kupeleka kwao. Sikumpa, na sijutii. Baadaye nilisikia amefaulu.

Jumatatu niliita majina darasani kwangu, mtoto wa Mugeta hakuitika. Nilidhani anaumwa. Kabla ya mapumziko mwalimu wa darasa la kwanza alinijia mlangoni, akaniambia nikamchukue mtu wangu. Nilimkuta amekaa dawati la mbele kabisa, magoti yamegota juu kwa sababu madawati yale ni ya wadogo, kitabu cha darasa la pili kiko mapajani, kimefungwa. Nikamwambia inuka twende kwenye darasa lako.

Hakuinuka. Alitazama dawati.

"Mwalimu alisema," akanijibu.