Misaiprasi ya Mke wa Kwanza

Nilipoolewa Kibirichia nilikuta miti minne ya misaiprasi mbele ya nyumba, imekua ikasongamana na ukuta, upepo ukivuma matawi yanakwaruza mabati. Aliipanda mke wa kwanza wa mume wangu, aliyefariki miaka michache kabla sijaja. Mimi ni mtu wa Mbeere. Kwetu jua huingia nyumbani bila kupiga hodi. Huku nilikuwa nawasha taa mchana ili nichambue maharagwe.

Kila niliposema ikatwe, mume wangu alijibu, "Iache kidogo." Jioni alikuwa akisimama chini yake na kikombe cha chai, mkono mmoja umeshika shina. Mimi hakuwahi kunishika hivyo mbele ya watu. Nilimtazama kupitia dirisha. Kumwonea wivu mtu aliye kaburini ni aibu, huwezi hata kumwambia jirani. Tena marehemu hazeeki, hanuni, wala ugali wake hauungui.

Mvua ndiyo iliyonisaidia. Majani yaliziba mfereji wa paa, maji yakafurika mpaka kwenye dari ya chumba cha kulala. Jumamosi asubuhi mume wangu akaleta ngazi na msumeno.

"Tunapunguza tu," akaniambia. "Hatukati."

Alipogoa polepole, kama anayemnyoa mtoto aliyelala. Nilipochoka kungoja nikamwambia, "Shuka, nipe huo msumeno." Nikapanda. Nilikata kwa hasira, utomvu ukinigandia vidoleni, matawi yakianguka juu ya kofia yake. Hakunizuia. Kufika adhuhuri madirisha yote yalikuwa wazi, na jua limefika hadi kwenye kochi. Nikaanika blanketi zote nje, nikajiambia: sasa hii nyumba ni yangu.

Jioni mama mkwe akaja na kikapu cha viazi. Alisimama langoni, mkono mdomoni.

"Ai! Mmeirudisha nyumba! Hivi ndivyo marehemu alivyoiweka. Kila mvua ikiisha alipanda ngazi mwenyewe, akaipogoa miti namna hii hii."

Mume wangu alitabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimewahi kuliona. Kumbe tangu asubuhi nilikuwa nikimfanyia kibarua mwanamke mwingine. Nikaingia jikoni, nikapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Mama mkwe alipoenda, nilimwambia mume wangu bila kuzunguka, "Naomba mti mmoja. Ule wa dirisha la chumba chetu. Uondoke kabisa."

"Umekukosea nini?"

"Haujanikosea. Ni mimi nisiyeweza kuamka kila siku nikiuona."

Alichukua koti akatoka. Nilidhani nimeharibu. Lakini Jumatatu, kabla ya kwenda kuchimba viazi, nikasikia shoka likinolewa. Aliuangusha peke yake, akapasua kuni, akazipanga kando ya jiko.

"Umelala vizuri?" aliniuliza kesho yake, mwanga umejaa chumbani.

"Vizuri," nikasema, na ilikuwa kweli.

Ile mitatu tunaipogoa pamoja mvua zikiisha. Wageni huisifu. Bado natega sikio nijue wanamsifu nani.